"Kimeshuka kwenye nini?": utatuzi wa matatizo ukichambua ngoma na marimba kwa kompyuta

Haya ni matatizo ambayo yamenikwamisha mimi na wenzangu kwenye kazi ya kuchambua muziki wa asili kwa kompyuta, yaani una rekodi ya ngoma, au marimba, au bibi anaimba akitwanga, unaiingiza kwenye programu unataka ikupe noti, ikupe biti, au ikuambie hii inafanana na ile. Vifaa vingi ni vya bure: Audacity ya kukata na kusafisha, Sonic Visualiser ya kuangalia, Tony ya kufuata sauti ya mwimbaji mmoja, Tarsos ya kupima mpangilio wa noti, na kama unaandika Python kuna librosa na Essentia. Mifano yangu mingi ni ya Wagogo wa Dodoma kwa sababu huko ndo nimekanyaga sana, lakini dalili ni zilezile ukiwa Lamu au Busoga.

Kabla hujaanza kutafuta ugonjwa, vaa hedifoni, funga skrini, sikiliza rekodi yote mara 1 mpaka mwisho. Sitanii. Nusu ya matatizo yanayoletwa kwangu ningeyajua kwa sikio ndani ya dakika 2, ila mtu ameshakesha siku 3 anabadilisha namba kwenye programu.

Faili halifunguki kabisa

Umerekodi kwa simu, faili ni m4a, librosa inakutapikia mistari myekundu na mwisho inasema NoBackendError. Rekodi yako ni nzima, usilie. Kompyuta haina ffmpeg. Isakinishe, geuza faili liwe wav, maisha yaendelee.

Kuna jingine ambalo ni la kwetu kabisa: jina la faili. Ukiliita "ng'ombe wa babu.wav" halafu ukalitaja kwenye terminali (lile dirisha la kuandikia amri), ile alama ya ng' inahesabiwa kama umefungua nukuu hujaifunga, basi inakusubiri umalizie na wewe unaisubiri ifanye kazi, mnasubiriana hivyo hivyo mpaka adhuhuri. Andika ngombe_wa_babu.wav, ng' yako iweke kwenye jedwali la maelezo ambako ndo kwao.

Kayamba zilikuwepo uwanjani, kwenye rekodi zimeyeyuka

Hapa mchawi ni simu. Simu imetengenezwa kwa ajili ya mtu anayeongea, kwahiyo kitu chochote kinachofanya shhh-shhh bila kukoma inakiona kelele, inakifuta. Sasa kayamba ni nini kama sio shhh-shhh bila kukoma? Na kuna ule mtindo wa simu kujipandishia na kujishushia sauti yenyewe: ngoma kubwa ikilia inabana kila kitu, ikinyamaza inafungua, matokeo yake ukipima nguvu ya mapigo unakuta kila pigo la pili ni dhaifu, unaandika kabisa kwamba ngoma hii ina mapigo mazito na mepesi yanapokezana. Hayapokezani. Simu ndo inahema.

Namna ya kujua: fungua spektrogramu, ile picha ya sauti inayoweka sauti nzito chini na nyembamba juu, kwenye Sonic Visualiser uangalie juu. Kama juu ya Hz 8,000 (Hz ni mitetemo kwa sekunde) ni giza tupu kama dari imepigwa, faili limepita kwenye ujumbe wa sauti au limerekodiwa kwa kiwango cha sampuli 16,000 kwa sekunde, na kilichokatwa hakirudi, hata ukiligeuza wav mara ngapi. Kwa faili la namna hiyo unaweza bado kupima noti za mwimbaji, sauti yake ya msingi iko chini sana ya hapo. Ila kayamba, njuga na manyanga sahau. Mara nyingine tafuta programu ya kurekodi inayoruhusu kuzima usafishaji wa kelele, rekodi wav, simu usiishike mkononi, na usisimame mbele ya ngoma kubwa. Na usinitumie kwa WhatsApp kama ujumbe wa sauti. Tuma kama dokyumenti.

Nyimbo za zamani zote zimepanda au zimeshuka kwa kiasi kilekile

Unafanya kazi na rekodi za kale, labda tepu za redio, labda zile za Hugh Tracey, yule aliyezunguka huku kwetu miaka ya 1950 na kuanzisha ILAM, maktaba ya muziki wa Afrika, kule Afrika Kusini mwaka 1954, labda santuri za taarab. Unapima, unakuta kila noti imepanda nusu ya hatua. Watu wanaanza kuandika nadharia kwamba wazee walikuwa wanatyuni juu zaidi. Inawezekana. Ila kwanza kagua spidi ya mashine.

Tepu ikizunguka haraka kwa asilimia 3, kila noti inapanda senti 51. (Senti hizi sio za shilingi. Ni kipimo alichokileta Alexander Ellis miaka ya 1880, oktavu moja inakatwa vipande 1,200, na hatua moja ya kinanda, kutoka kitufe mpaka kitufe cha jirani, ni 100.) Senti 51 ni nusu ya kitufe cha kinanda, sio kitu kidogo. Santuri nazo ni vivyo hivyo, zinaitwa za mizunguko 78 lakini enzi za kina Siti binti Saad, aliyekwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, spidi zilikuwa zinatofautiana, na santuri iliyorekodiwa kwa mizunguko 80 ukiicheza kwa 78 inashuka kama senti 44.

Dawa ninayoipenda kuliko zote ni mngurumo wa umeme. Umeme wetu ni Hz 50, na kama mashine ya kurekodi ilichomekwa ukutani mara nyingi utaukuta umejificha chini ya muziki, mstari mwembamba ulionyooka kwenye 50, na wenzake kwenye 100 na 150. Kuza spektrogramu sehemu ambayo hakuna anayepiga, pale wanapokohoa na kusogeza viti. Ukiukuta mstari uko kwenye 103 badala ya 100, tepu inakimbia kwa asilimia 3, basi ipunguze spidi kwa kuzidisha mara 0.971, spidi yote, sio pichi (ujuu wa noti) peke yake, kwa sababu na mwendo wa wimbo nao ulikimbia.

Mtego uko hapa, na mimi ulininasa vizuri tu: aliyeihamisha tepu kwenda kompyuta naye alikuwa na umeme. Mngurumo wake unakaa kwenye 50 kamili hata kama tepu ni mbovu. Nilifurahi wiki nzima kwamba tepu zangu hazina kasoro, kumbe nilikuwa napima umeme wa ofisi. Tafuta kama kuna mistari 2 iliyokaribiana, ule ambao hauko kwenye 50 ndo wa siku ile ya kurekodi. Na kama walitumia jenereta au betri, njia hii usiitegemee, jenereta yenyewe inapanda na kushuka kama pumzi ya mgonjwa.

Programu inasema chombo kiko nje ya tyuni

Hii ndo baba wa matatizo yote.

Nilikaa na babu mmoja upande wa Chamwino, anapiga ilimba, ile marimba ya mkono ya Wagogo, sanduku la mbao lenye vyuma vingi juu yake. (Neno marimba kwetu linachanganya, mwingine ukimwambia marimba anawaza mbao za kugonga, kwahiyo kwenye maelezo yako andika kabisa ni ya vyuma au ya mbao.) Nikafungua kwenye simu ile programu ya kutyunia gitaa. Chuma cha kwanza kijani, cha pili nyekundu, cha tatu kijani, cha nne nyekundu ya kutisha. Nikasema kwa heshima zote, "Babu, shikamoo yako naiheshimu, ila hiki cha huku kimeshuka kidogo." Akakipiga. Akakipiga pamoja na cha jirani. Akaimba juu yake kidogo, akaniangalia.

"Kimeshuka kwenye nini?"

Nikakosa jibu. Na hilo swali ndo utatuzi wenyewe, kila programu inayokuambia kitu kimeshuka inabidi uiulize hivyo hivyo, kimeshuka kwenye nini? Kwenye kinanda cha Mzungu, kwa sababu ndani yake kuna vyumba 12 tu kwa oktavu na kila sauti lazima ilazwe kwenye chumba kimojawapo, ipende isipende.

Sasa angalia. Muziki wa Wagogo, na watafiti kama Gerhard Kubik waliliona hili zamani, unafuata sauti zinazozaliwa zenyewe ndani ya sauti moja, ule mlolongo wa asili wa 4, 5, 6, 7, 8, 9. Chukua mfano chuma cha kwanza kiwe Hz 220. Ukifuata mlolongo, wenzake watakuwa 275, 330, 385, 440 na 495, kila mmoja anaongeza 55. Hesabu ya senti ni 1200 × log2(ya juu ÷ ya chini). Ile 275 inatoka senti 386, kinanda kinataka 400, kwahiyo "imeshuka" 14. Ile 330 inatoka 702, kinanda kinataka 700, kijani. Ile 385 inatoka 969, kinanda kinataka 1,000, "imeshuka" 31, na ndo ile nyekundu ya kutisha. Babu hakukosea hata kidogo. Alikuwa anatyuni kwenye kitu sahihi kuliko kinanda changu, na kwa sikio.

Kwahiyo ukiwa na librosa achana na zile kroma za vyumba 12 kwa kazi hii. Toa pichi kwa Hz, geuza senti, chora histogramu yenye vipande vya senti 5, yaani vipande 240 kwa oktavu, halafu uangalie vilima vimesimama wapi vyenyewe bila kuvipangia viti. Tarsos inafanya hivi bila wewe kuandika msimbo, ilitengenezwa Ghent na ilijaribiwa kwenye rekodi za Afrika ya Kati zilizoko kwenye jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, kwahiyo haikuja na kinanda kichwani.

Baya kuliko nyekundu ni kijani ya uongo. Amadinda, marimba ya mbao ya Buganda, ina noti 5 kwa oktavu zilizopishana karibu sawa, kama senti 240 kila moja. Ziweke kwenye vyumba vya kinanda: 240 inasukumwa kwenye 200, 480 kwenye 500, 720 kwenye 700, 960 kwenye 1,000. Unapata ngazi safi ya noti 5 kama ya nyimbo za kanisani, chati nzuri haina kasoro, hakuna onyo lolote, na umeshaufuta muziki wa watu. Taarab nayo, pale fidla au mwimbaji anapofuata makamu, yaani ngazi za noti za Kiarabu, kuna hatua za kama senti 150, katikati kabisa ya 100 na 200, programu inarusha shilingi juu: leo inaiita noti hii, ubeti unaofuata inaiita ile. Ukiona mwimbaji mmoja anabadilisha noti ileile kila mstari, hajachanganyikiwa yeye.

Na hata ukishaweka senti bado kuna sifuri. Wapi pa kuanzia kuhesabu? Nimeona kazi moja inadai ilimba ileile ina mipangilio 2 tofauti kwenye nyimbo 2, kumbe wimbo wa kwanza alihesabu kuanzia chuma cha chini kabisa, wa pili kuanzia noti iliyopigwa mara nyingi. Vilima vilevile vimesogezwa tu. Dawa ni kabla ya wimbo wowote mwombe fundi apige chuma kimoja kimoja taratibu, mara 3 kila kimoja, aseme anapotengeneza anaanza na kipi na anakilinganisha na kipi. Hizo dakika 5 ninazithamini kuliko saa nzima ya nyimbo.

Halafu usipitilize upande wa pili pia. Usiandike "386.31" kwenye ripoti. Sauti ya mtu inatikisika zaidi ya hapo akiwa anavuta pumzi tu.

Mstari wa pichi unarukaruka kama panzi

Unafuata wimbo mmoja, mstari uko hapa, ghafla uko oktavu moja juu, ghafla haupo. Sababu ya kwanza, na ndo ya kawaida: pYIN, ile njia ya kompyuta ya kutafuta pichi, na ndugu zake wanafuata sauti moja kwa wakati mmoja. Ukiwapa kanuni (ile ya nyuzi nyingi, sio ya sheria) na udi na watu wanaitikia, wanachagua yeyote anayepiga kelele zaidi kwa sekunde hiyo. Wengine wanapitisha kwanza rekodi kwenye programu za kutenganisha sauti kama Demucs au Spleeter. Jaribu, ila ujue hizo zimefundishwa mwimbaji, besi, dramu na "vinginevyo", na zeze ikilia karibu na sauti ya mtu inaweza kukatwa vipande, nusu inaenda kwa mwimbaji nusu kwenye vinginevyo. Mimi nikiweza narudi kumwomba mtu aimbe peke yake.

Sababu ya pili ni ya ilimba na jamaa zake. Kile chombo kinatengenezwa kwa makusudi kisilie safi, kuna tundu limezibwa na utando wa buibui, na kuna vyuma ambavyo havipigwi ila vinaitikia vyenyewe jirani yao akipigwa. Ule mzizimo mtamu ndo unaoivuruga programu. Tena chuma kilichobanwa upande mmoja sauti zake za juu hazifuati mpangilio wa uzi wa gitaa, ile ya pili iko mbali sana juu, zaidi ya mara 5 ya ile ya msingi, na iko kali sana mwanzo wa pigo halafu inakufa haraka. Kwahiyo usipime mwanzo wa pigo. Ruka kama milisekunde 50 za kwanza, pima pale sauti ilipotulia. Halafu ipe programu mipaka ya chini na juu inayolingana na chombo chenyewe, ukiiacha itafute kuanzia 50 mpaka 2,000 wakati vyuma vyako viko kati ya 150 na 900, umeipa ruhusa ya kupotea. Fundi mmoja alikubali kuuziba ule utando kwa kidole dakika chache nipime. Alinionea huruma nadhani.

Ngoma ileile, asubuhi na jioni namba tofauti

Ngozi. Imewambwa, ikipata unyevu inalegea, ikioteshwa moto inakaza, kila mtu aliyekaa ngomani ameona wanavyozipeleka kwenye moto wa nyasi katikati ya shughuli. Andika saa, andika kama zimetoka motoni, na usitoe wastani wa siku nzima.

Biti haiendani na wachezaji

Programu inasema mapigo 180 kwa dakika, wewe ulikuwepo na unajua watu hawakukimbia hivyo. Au inaanza 120, inaruka 180, inarudi. Usianze kubadilisha namba. Chukua kalamu.

Ngoma nyingi za kwetu zina mzunguko wa chembe 12 za haraka. Tuseme mzunguko mmoja unachukua sekunde 2. Ukizigawa chembe hizo tatu tatu unapata mapigo 4, yaani 120 kwa dakika. Ukizigawa mbili mbili unapata 6, yaani 180. Nne nne unapata 3, yaani 90. Zote zipo ndani ya ngoma ileile kwa wakati uleule: chapuo inasema hivi, vumi inasema vile, makofi ya kina mama yanasema jingine, na hapo ndo utamu ulipo. Programu inataka jibu 1. Tena ile ya librosa imeanzishwa na dhana kwamba nyimbo nyingi ziko karibu na 120, inavutwa huko, kwahiyo hata ikipatia wakati mwingine imepatia kwa bahati.

Jibu liko miguuni. Rekodi video, hata ya simu ya kawaida, ya miguu ya wachezaji, au bora zaidi weka maiki ya pili chini karibu na njuga. Mguu unapokanyaga ndo biti, umemaliza. Nilifanya hivi kwenye ngoma moja ambayo programu 3 zilikuwa zinabishana, njuga zikaonyesha 120 bila wasiwasi, na kilichokuwa kinazivuta programu kwenye 180 kilikuwa kengele moja ya chuma inayopigwa mbili mbili, kali kuliko kila kitu. Kama video huna, mchezee rekodi mtu anayeijua ngoma hiyo, mpe kitufe agonge. Asiwe mtu wa kwaya tu, awe anayeicheza. Mpiga gitaa wa mjini nilimpa akagonga kwa ujasiri mkubwa kabisa mahali ambapo hakuna mguu hata mmoja unakanyaga.

Na kama unataka kupima vile chembe hazijalingana, maana chembe 3 za ngoma mara nyingi sio sawa kwa sawa, kuna inayovutwa kidogo na ndo inayofanya mabega yatikisike, angalia saizi ya hatua. librosa ikifungua faili inalishusha mpaka sampuli 22,050 bila kukuuliza, na inaruka sampuli 512 kila hatua, hiyo ni milisekunde 23. Kwenye mfano wetu chembe moja ni milisekunde 167. Unatafuta tofauti ya milisekunde 15 kwa rula yenye alama kila milisekunde 23, utapata nini? Fungua faili na sr=None, shusha hatua iwe 64, ndo uanze kuongea habari za mabega.

Maneno ya wimbo yanatoka ya ajabu

Fupi: Whisper, programu ya kugeuza sauti kuwa maandishi, ukiipa wimbo wa Kigogo inakuandikia Kiswahili kinachofanana kwa mlio, maneno yapo, maana hamna. Pale chombo kinapolia peke yake inaweza kutunga sentensi na kuirudia mara 10. Kaa na mwenye lugha, andika kwa mkono kwenye ELAN (programu ya kuandika maneno sambamba na sauti), mstari kwa mstari. Nusu saa ya wimbo inaweza kula siku 2 na hakuna njia ya mkato niliyoiona.

Programu inasema makabila haya mawili muziki wao unafanana sana

Hongera, labda umegundua kitu. Au labda umegundua kwamba walirekodiwa na mashine moja. Hili ni gonjwa la kimyakimya: unachukua rekodi 500, unaiambia kompyuta izipange kwa kufanana, inakupa mafungu mazuri ya rangi, na mafungu hayo ni tepu za 1950 upande huu, kaseti za 1985 upande ule, simu huku. Imepanga vinasa sauti.

Kipimo chake ni rahisi na kinaumiza. Kata vipande vya kimya, zile sekunde kabla wimbo haujaanza, uvipange peke yake kwa njia ileile. Ukipata mafungu yaleyale bila hata noti moja kupigwa, basi ujue. Nilifanya hivyo kwenye kazi ambayo nilishaiandikia hitimisho. Nilifuta kurasa 11. Ukikuta hivyo, linganisha ndani ya mashine moja kwanza, na tumia vipimo visivyojali ubora wa rekodi, kama umbali wa noti kwa senti au mpangilio wa mapigo, badala ya rangi ya sauti.

Ukiwa hapo hapo kagua jedwali la maelezo. "Gogo", "Wagogo", "Ugogo" na "Chigogo" kwa kompyuta ni makabila 4. Na zile kadi za zamani ziliandikwa na watu wasiojua lugha, unakuta jina la kijiji limewekwa kwenye safu ya jina la chombo.

Fundi hapokei simu zako tena

Dalili hii haimo kwenye mwongozo wa programu yoyote ila inaharibu kazi kuliko zote. Sababu zipo 2 kwa uzoefu wangu. Moja, umeweka mtandaoni kitu ambacho hakikutakiwa kutoka, na hapa nyimbo za jando na unyago ndo hatari zaidi, zina watu wake na wakati wake, hata kama mtu alikuruhusu kurekodi hakukuruhusu kumsikilizisha mtoto wa jirani yake. Kishushe leo, usisubiri barua. Halafu nenda mwenyewe ukaombe radhi, na usiende mikono mitupu.

Ya pili: ulichukua ukaondoka. Yule babu wa Chamwino tulikaa miezi bila mawasiliano, mpaka nikafunga safari na memori kadi na kiredio kidogo cha kuchomeka. Tukasikiliza nyimbo zote chini ya mti, wajukuu wamejaa. Ya 6 akanyoosha mkono nisimamishe. Akasema siku ile chuma cha pembeni kilikuwa kimeteleza kwenye daraja lake, akakirudisha wimbo ulipokwisha, mimi nilikuwa nafunga kamba za maiki sikuona. Nikafungua kompyuta. Wimbo wa 6 ndo ule ambao kilima kimoja cha histogramu kilikaa senti 40 chini ya nyimbo nyingine zote, na nilishauandikia aya nzima inayoanza na "kwa makusudi".

"Hicho ndo kimeshuka," akasema.